Kidonge cha Saa Sita Mchana

Kazini walimwita Mama Usingizi, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alilipata mwaka wake wa pili wa kuhudumia abiria angani, siku ndege ilipoharibika katika uwanja wa mbali na wahudumu wote wakasota kwenye viti vya chuma kwa saa tisa. Wenzake walizunguka, wakalalamika, wakapiga simu nyumbani. Yeye alivua viatu, akavaa soksi nzito, akafunga kitambaa machoni, akalala palepale kama mtoto aliyeshiba. Walipomwamsha alikuwa mchangamfu kama ametoka kuoga.

"Huyu hata ukimtundika kwenye msumari atalala," alisema kiongozi wa zamu, na jina likamganda.

Miaka kumi na saba baadaye, wengi walioanza naye walikwisha kuacha. Hawakuchoshwa na abiria wala na kusimama. Walishindwa na usingizi. Mmoja alikuwa akilia jikoni mwa ndege bila sababu, mwingine alianza kusahau majina ya wanawe. Yeye alibaki, na kila kundi jipya la wahudumu lililetwa kwake lipate somo.

"Mkienda mahali mkakaa siku moja au mbili, saa ya mkononi msiiguse," alikuwa akiwaambia. "Kuleni kwa saa ya nyumbani, laleni kwa saa ya nyumbani, hata kama jua la watu linawacheka. Mkikaa siku tatu na kuendelea, geuzeni saa mkiwa bado hewani, na mkitua tokeni nje mwanga uwapige usoni. Ukielekea mashariki unaibiwa saa, kwa hiyo anza kulala mapema siku tatu kabla. Ukielekea magharibi unaongezewa, jikaze usilale mchana kutwa. Kahawa mwisho nusu ya safari. Pombe msahau."

Aliwafundisha kubana mapazia ya hoteli kwa henga za suruali ili mwanga usipenye katikati, kukunja taulo na kuziba nalo pengo chini ya mlango, na kuosha miguu kwa maji ya moto hata kama mwili mzima umechoka kuinama.

"Na vidonge, mama?" aliuliza msichana mmoja mrefu, ndiyo kwanza ametoka chuoni.

"Vidonge ni vya wagonjwa," akamjibu. "Wewe unaumwa?"

Darasa zima likacheka.

Nyumbani aliishi ghorofani. Chini yake aliishi mdogo wake wa kiume, fundi wa friji, pamoja na mkewe na binti yao wa miaka minne. Mtoto huyo alikuwa na maneno mengi tangu anapoamka mpaka anapolala, hata wakampa jina la Kasuku. Wifi yake alikuwa mshonaji, akishona sare za shule sebuleni, na cherehani yake ilisikika ghorofani kama mvua ya mbali. Mama Usingizi alilala fofofo juu ya mlio huo. Aliupenda. Yeye hakuwa na mtoto, na Kasuku alipanda na kushuka ngazi zile kana kwamba nyumba mbili zilikuwa moja.

Halafu ratiba ikabadilika. Kampuni iliongeza safari bila kuongeza watu. Zamani mtu alikwenda mashariki, akarudi, akapumzika siku nne ndipo apangiwe magharibi. Sasa alirudi kutoka mashariki alfajiri, na kesho yake jioni alikuwa mlangoni mwa ndege ya magharibi akiwakaribisha abiria. Mwezi wa kwanza alijikaza. Mwezi wa pili mwili ukaanza kumgomea.

Ilianza hotelini, saa nane za mchana. Alikuwa amefanya kila kitu: mapazia yamebanwa, taulo liko mlangoni, miguu imeoshwa. Alilala chali akasubiri. Akasikia maji yakipita kwenye mabomba ya ukutani, akasikia lifti, akasikia mtu akikohoa chumba cha pili. Akahesabu mbao za dari. Saa kumi na moja alikuwa bado macho makavu, na saa moja usiku alikuwa kazini akimimina chai kwa mikono aliyoiona kama ya mtu mwingine.

Hakumwambia yeyote. Angemwambia nani? Mama Usingizi ameshindwa kulala! Wangekufa kwa kicheko.

Ghorofa ya chini ya hoteli ile palikuwa na duka la dawa. Muuzaji hakumuuliza mengi. Safari iliyofuata alimeza kidonge kimoja, na kabla hajamaliza kuvuta shuka juu alikuwa amekwenda. Aliamka baada ya saa saba, kichwa chepesi, akaona ni upumbavu mtupu kuteseka kote kule.

Dalili ya kwanza aliipata hewani. Ndege zile kubwa zina chumba cha mapumziko cha wahudumu, juu ya dari ya nyuma, unapanda ngazi nyembamba na kukuta vitanda sita vyenye mapazia. Zamu yake ya kupumzika ilipofika alimeza nusu ya kidonge, jambo ambalo sheria za kazi zilikataza kabisa. Aliposhuka saa tatu baadaye, yule msichana mrefu, ambaye sasa alikuwa akifanya kazi jiko la nyuma, alimtazama kwa jicho la wasiwasi.

"Umelala vizuri, mama?"

"Kama gogo."

"Mbona ulishuka?"

"Nilishuka wapi?"

Msichana akaweka chini jagi la maji. "Ulishuka ngazi, mama. Ukasimama hapa. Ukakagua toroli zote moja moja, ukabana loki zake. Nikakuuliza unatafuta nini, ukaniambia niendelee na kazi. Kisha ukaenda pale mlangoni ukashika mpini."

"Mpini wa mlango wa ndege?"

"Ndiyo. Hukuuvuta. Uliupapasa tu, unaongea nao polepole."

Mama Usingizi akageuka kuutazama ule mlango. Alijua vizuri kwamba mlango wa ndege haufunguliki juu kule, hewa ya ndani inaubana hata wanaume kumi wasiuweze. Alijua, na aliwafundisha wengine hivyo. Lakini mkono wake wa kulia, alipoutazama, ulikuwa na alama nyekundu kiganjani ya kitu kilichoshikwa kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nakutania," akasema.

Msichana hakucheka.

Akajiwekea nadhiri: kidonge nyumbani tu, kitandani kwake, mlango umefungwa. Na kwa wiki kadhaa mambo yakaenda. Kasoro zilikuwa ndogondogo. Siku moja aliamka alasiri akakuta vyombo vyote vya jikoni vimeoshwa na kupangwa mezani safu tatu, kikombe, kisahani, kijiko, kikombe, kisahani, kijiko, kama trei za abiria. Siku nyingine wifi yake alimwambia, "Wifi, jana mchana uliniita dirishani, nikatoka mbio, ukanitazama weee, ukafunga dirisha. Nilikukosea nini?" Akamjibu kwamba alikuwa na mawazo. Alikuwa na mawazo kweli. Kidonge kimoja kilikuwa hakimtoshi tena.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Alikuwa ametua jana yake alfajiri kutoka magharibi, na jioni ile alitakiwa kuripoti saa kumi na mbili kwa safari ya mashariki. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ameze kidonge saa sita mchana, alale mpaka saa kumi, aoge, avae, aondoke. Akabana mapazia. Akafunga mlango. Akameza, akajilaza, akasikia cherehani ya wifi yake chini ikienda, ikikatika, ikienda tena.

Kitu alichokiona baada ya hapo kilikuwa usukani.

Aliutazama kwa muda bila kushangaa, kama mtu anavyotazama kitu ndotoni. Mikono yake ilikuwa juu yake, mmoja huku, mmoja kule. Mbele yake palikuwa na ukuta mweupe wenye namba, na namba ile aliijua: ndiyo nafasi yake katika maegesho ya wafanyakazi, nyuma ya uwanja wa ndege. Injini ilikuwa imezimwa. Jua lilikuwa limeshuka upande wa pili wa jengo, na saa ya garini ilisema ni saa tisa na dakika kumi.

Akajitazama. Alikuwa amevaa sare kamili. Skafu imefungwa shingoni kwa fundo lake lilelile la miaka yote, kitambulisho kifuani, rangi ya mdomo imenyooka. Miguuni alikuwa na kandambili za kuogea.

Akafungua mkoba. Pasipoti ilikuwamo. Mlikuwa na taulo la uso, vijiko viwili na rimoti ya televisheni. Simu haikuwamo.

Ndipo aliposikia mtu akipumua nyuma yake.

Hakugeuka upesi. Baadaye alisema kwamba katika maisha yake yote hakuna kitu kilichomchukua muda mrefu kama kuigeuza ile shingo. Kiti cha nyuma, amefungwa mkanda vizuri, kichwa kimeangukia begani, alikuwa Kasuku. Nywele zimelowa jasho. Mdomo wazi. Uso mwekundu.

Alitoka garini akiacha kandambili moja ndani, akafungua mlango wa nyuma, akahangaika na mkanda ambao vidole vyake vilikuwa vimeufunga mara elfu kwa abiria na sasa havikujua hata kitufe kiko wapi. Akamtoa mtoto, akambeba mpaka kivulini, akaanza kumwita. Mlinzi wa maegesho alikuja mbio na chupa ya maji.

"Ana nini, mama?"

"Mwagie! Mwagie kichwani!"

Maji yalipomgusa, Kasuku alikunja uso, akafumbua jicho moja, akalia. Mama Usingizi hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile. Akaketi chini kwenye lami, sare na yote, akamkumbatia. Kioo kimoja cha nyuma kilikuwa kimeshushwa nusu, na mlinzi akasema ni hicho kilichomwokoa mtoto. Nani aliyekishusha, hakujua. Yeye mwenyewe, bila shaka. Nani mwingine?

"Mmefika saa ngapi hapa?" akamuuliza mlinzi.

Mlinzi akamtazama kama anayempima akili. "Si ulinisalimia, mama? Saa nane na robo hivi. Ukanionyesha kitambulisho, ukaniuliza hali ya watoto. Nikajua umewahi kazini, unapumzika garini."

Aliazima simu ya mlinzi. Namba ya wifi hakuikumbuka, lakini ya mdogo wake haikuwa imebadilika kwa miaka ishirini. Ililia mara moja tu.

"Ni mimi," akasema. "Niko na Kasuku. Mzima. Tuko uwanja wa ndege."

Akamsikia mdogo wake akimwambia mtu, kwa sauti iliyopasuka, "Amepatikana. Amepatikana, mke wangu, kaa chini." Nyuma yake akasikika mwanamke akilia kwa mlio wa ajabu, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Dada," akasema fundi wa friji. "Uwanja wa ndege kufanya nini?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Mdogo wangu, sijui. Njoo utuchukue. Mimi gari hili siliendeshi tena."

Walikuja wote wawili kwa gari la kazi lenye friji mbovu nyuma. Wifi alishuka kabla gari halijasimama, akamnyakua mwanawe, akamkagua vidole, masikio, magoti. Shavu lake lilikuwa limevimba na mdomoni alikuwa na pamba yenye damu. Hapo ndipo Mama Usingizi alipoanza kuelezwa mchana wake.

Wifi alikuwa na jino lililomtesa siku tatu, na daktari wa meno alimpa nafasi ya saa saba. Alipanda ghorofani akagonga. Alifunguliwa.

"Nilikuuliza kama naweza kukuachia Kasuku saa moja tu," alisema wifi, pamba ikimtoka mdomoni. "Ukasema mlete. Ukanitania, ukaniambia nikirudi kibogoyo mdogo wako atanirudisha kwetu. Tukacheka! Wifi, tulicheka wote wawili pale mlangoni! Ulikuwa macho!"

"Sikuwa macho," akasema Mama Usingizi.

"Ulikuwa unanitazama!"

Aliporudi saa nane alikuta mlango uko wazi na nyumba haina mtu. Simu ililia juu ya kitanda. Akaanza kukimbia mtaa kwa mtaa na ganzi yake ya jino, na kila aliyemuuliza hakumwelewa anasema nini.

Mdogo wake alikuwa amezunguka upande wa pili wa gari la dada yake, na sasa alisimama akitazama kitu. Kioo cha pembeni, upande wa abiria, kilikuwa kimevunjika na kuning'inia kwa waya. Mlangoni palikuwa na mkwaruzo mrefu.

"Hiki kilivunjika lini, dada?"

Asubuhi hakikuwa kimevunjika. Kati ya nyumbani na pale palikuwa na kilomita kumi na nane, mizunguko mitatu, shule mbili na soko.

Alipiga simu kazini kusema anaumwa, mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Jioni ile, wifi akiwa amemshikilia mtoto magotini kwa mikono miwili, shangazi mtu alichuchumaa mbele yao.

"Kasuku, tulipokuwa garini, tuligonga kitu?"

"Puu," akasema Kasuku.

"Puu nini, mama?"

"Puu tu. Ukasema samahani."

"Nilimwambia nani samahani?"

Mtoto akafikiri. "Yule aliyekaa chini."

Wifi alifumba macho. Kasuku, akiona amesikilizwa, aliendelea: shangazi alisimama kwenye taa nyekundu, shangazi aliimba, shangazi alimwambia asinyanyuke kwenye kiti mpaka taa izimike. Lakini juu ya aliyekaa chini hakuwa na zaidi. Alikaa chini, basi.

Mama Usingizi hakulala usiku ule, wala hakujaribu. Aliketi kitini akiwa na pakiti ya vidonge mapajani. Alikumbuka kumeza kimoja. Katika pakiti ile mpya palikosekana vitatu.

Asubuhi mdogo wake alipendekeza wanyamaze. "Kama pangekuwa na jambo zito, tungesikia. Mtoto mzima, wewe mzima. Tengeneza kioo, acha vidonge, yaishe."

"Nimemwacha mtu chini."

"Maneno ya mtoto wa miaka minne, dada."

"Alisema nilisimama kwenye taa nyekundu. Hilo amelitunga? Alisema nilimwambia asinyanyuke. Hayo ni maneno yangu."

Walikwenda kituo cha askari wa barabarani. Askari alifungua kitabu, akapitisha kidole, akatikisa kichwa. Hakuna aliyelalamika kuhusu jana mchana. "Sasa unataka nikukamate kwa kuvunja kioo chako mwenyewe?" akauliza. Aliandika jina lake na kumwambia aende nyumbani akapumzike. Walikwenda hospitali mbili wakauliza kuhusu majeruhi wa Jumatano. Katika ile ya pili muuguzi alisema ameletwa mzee aliyegongwa, amezidiwa, na Mama Usingizi akashikilia kaunta kwa mikono miwili mpaka muuguzi alipomaliza sentensi yake: aligongwa na pikipiki.

Halafu wakaanza kuipita barabara yenyewe. Fundi aliendesha polepole, magari ya nyuma yakiwapigia honi, na dada yake akichungulia pembezoni. Siku ya kwanza hawakuona kitu. Siku ya pili walirudia. Alikuwa ameipita barabara ile kwa miaka mingi na sasa kila alama juu ya lami ilimkausha mate: doa la mafuta, kiatu kimoja cha mtoto mtaroni, kitambaa chekundu ambacho kiligeuka kuwa kitambaa tu.

Siku ya tatu, kwenye kona ya duka la rangi, jua lilimulika kitu. Vipande vya kioo vilikuwa vimefagiliwa na kurundikwa kando ya nguzo. Karibu na nguzo palikuwa na mwavuli, na chini ya mwavuli aliketi mwanamke wa makamo anayeuza vocha za simu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa plasta ngumu na kutundikwa shingoni.

Mama Usingizi akashuka. Hakuwa na sare, alikuwa na gauni la nyumbani na kanga, na macho mekundu ya kutolala siku tatu. Lakini mwanamke yule alimtazama mara moja tu.

"Wewe ndiye wa sare," akasema.

"Ndiye mimi."

"Nilijua utarudi. Sikujua utarudi uko namna gani."

Fundi alianza kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, lakini mwanamke hakumsikiliza. Alikuwa akiyachunguza macho ya mwenzake, moja baada ya jingine.

"Nilikuwa nimesimama ukingoni nampa mtu chenji," alisema. "Kioo chako kikanipiga hapa, nikaanguka. Nikasikia mfupa. Ukasimama mbele pale. Ukarudi kinyumenyume taratibu, ukashusha kioo cha dirisha. Nikajiambia, sasa huyu atanitukana au atanipeleka hospitali, moja kati ya hayo mawili. Ukatabasamu. Tabasamu zuri kabisa. Ukaniambia, 'Samahani sana, mama. Tafadhali rudi kwenye kiti chako, ufunge mkanda. Tunakaribia kutua.'"

Mama Usingizi akaweka mkono mdomoni.

"Halafu?" akauliza fundi.

"Halafu akaondoka. Akawasha taa ya kugeukia, akasubiri basi lipite, akaenda zake. Mtoto nyuma akanipungia mkono."

"Macho yangu yalikuwaje?"

"Wazi," akasema muuza vocha. "Ila hukuwa unanitazama mimi. Watu walitaka kuandika namba ya gari, nikawakataza. Nimekaa kona hii miaka saba, dada yangu, walevi nawajua. Ungekuwa mlevi ningemwita askari. Wewe sikujua nimwite nani."

Walimpeleka hospitali upya kwa gharama zao, mkono ukapigwa picha, ukafungwa vizuri zaidi. Wifi alimshonea magauni mawili yenye mkono wa kushoto unaofunguka kwa vifungo. Muuza vocha hakutaka kesi. Alitaka jambo moja tu, na alilisema wakati wa kuagana: "Usije ukapita hapa unaendesha. Nikiliona gari lile nitakimbia."

Siku iliyofuata Mama Usingizi alikwenda kwa daktari wa kampuni kwa miguu yake. Hakuna aliyemwita. Aliweka pakiti mezani, akaeleza yote kuanzia hotelini, akaeleza hata mkono wake kwenye mpini wa mlango wa ndege. Daktari, kijana mwenye miwani aliyekuwa akiandika haraka, polepole akaacha kuandika.

"Kuna sehemu ya kichwa inayolala na sehemu inayobaki kazini," alimwambia. "Kwa mtu aliyefanya jambo moja miaka kumi na tisa, ile inayobaki kazini ni hodari sana. Ndiyo maana hakuna aliyetambua kwamba umelala."

"Na nikiacha vidonge, itakoma?"

"Mara nyingi hukoma."

"Mara nyingi."

"Ndiyo, mama. Siwezi kukuahidi zaidi."

Walimsimamisha kuruka miezi sita, kisha wakamwandikia barua kwamba hataruka tena. Alipewa kazi stoo ya sare, kupima skafu na kubadilisha vifungo, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Ratiba ile kali haikubadilika, na yule msichana mrefu alimletea sare yake siku moja, akainama mezani na kumnong'oneza, "Mama, wengi wanameza. Wewe ndiye pekee uliyesema." Mama Usingizi alimtazama chini ya macho akaona weusi aliokuwa akiuona kwenye kioo chake mwenyewe. Alimwambia aende kwa daktari leo, si kesho. Hakujua kama alikwenda.

Usingizi ulirudi kwa vipande. Saa mbili, saa tatu, mwishoni saa tano. Kila jioni alimwomba mdogo wake amfungie mlango kwa nje na kushuka na ufunguo, na kila asubuhi kitu cha kwanza alichokifanya kilikuwa kutazama miguu yake, kama ina vumbi. Funguo za gari aliziuza pamoja na gari lenyewe.

Wifi hakumnunia. Alipanda na chakula, alizungumza, alicheka. Ila alipopanda na Kasuku alikaa naye, na alipoondoka aliondoka naye, na hakuna aliyelisemea jambo hilo.

Miezi kumi na moja ilipita hivyo. Ndipo Jumapili moja, saa kumi alasiri, walikuwa wameketi ghorofani watatu. Kasuku alikuwa amesinzia kwenye kochi, kichwa kwenye paja la shangazi yake, maneno yamemwishia katikati ya hadithi. Wifi alikuwa akishona ukosi kwa mkono. Uzi ukamwishia.

Akatazama ule uzi. Akamtazama mwanawe. Kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Wifi," akasema, akijitahidi iwe sauti ya kawaida, "nakimbia dukani hapo kuchukua uzi. Dakika kumi. Usimwamshe."

Mama Usingizi alimwelewa vizuri. Alijua kilichomgharimu kusema vile. Alikuwa amelala saa sita usiku uliopita. Kichwa chake kilikuwa chepesi, macho yake yaliona kila mshono wa lile kochi. Alijisikia yuko macho kabisa.

Na ndivyo walivyosema wote waliomwona Jumatano ile: alikuwa macho kabisa.

"Hapana," akasema. Akaingiza mikono chini ya mtoto, akamwinua taratibu, akampa mama yake. "Nenda naye."

"Wifi, mimi nimekubali."

"Najua, mke wa mdogo wangu. Nenda naye."

Wifi alisimama pale kidogo, mtoto begani. Kisha akageuka. Kasuku aliamka ngazi ya tatu na kuanza kuuliza wanakwenda wapi, uzi wa rangi gani, na kwa nini shangazi haji. Mama Usingizi alibaki kwenye kochi, mikono juu ya magoti, akiwasikiliza wakishuka mpaka sauti ikaishia mtaani, na hata baada ya hapo hakuegemea, asije akasinzia.